Zizi kando ya mto: Hatimiliki pekee haitoshi kujenga Kabuchai

MKULIMA wa Kabuchai anayetaka kujenga zizi la ng'ombe wa maziwa, ghala la mahindi au banda la kuku katika shamba alilorithi kwa babake, aghalabu huanza kwa kutafuta fundi. Hununua mabati na saruji sokoni Chwele, huchimba msingi, na jengo huinuka kabla ya afisa yeyote wa serikali kupata habari.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza. Ardhi ni yake, mifugo ni yake, na mto ulioko chini ya shamba umekuwa ukipita hapo tangu enzi za mababu.

Sheria za Kenya, hata hivyo, haziangalii jambo hilo kwa jicho hilo. Hatimiliki humpa mtu shamba lakini haimpi uhuru wa kujenga chochote popote ndani ya shamba hilo. Katika eneo lenye mito, vijito na chemchemi nyingi kama Kabuchai, kosa la hatua chache linaweza kumgharimu mkulima akiba yake ya miaka mingi, na kumharibia maji jirani anayeishi bondeni.

Makala haya yanaeleza ni ardhi ipi inayolindwa, ni vibali vipi vinavyohitajika kabla ya kujenga jengo la kilimo, na ni haki zipi alizo nazo mkulima mbele ya afisa anayetoa vibali hivyo.

Ardhi inayolindwa ni ipi?

Eneobunge la Kabuchai, katika Kaunti ya Bungoma, lina wadi nne: Kabuchai/Chwele, West Nalondo, Bwake/Luuya na Mukuyuni. Si mbuga ya wanyama wala hifadhi ya msitu. Hakuna ua uliozungushwa, na hakuna bango linalomwambia mpita njia kwamba ameingia mahali panapolindwa.

Ndiyo maana wakazi wengi huamini kwamba sheria za hifadhi ni za watu wa mlimani, katika msitu wa Elgon, wala haziwahusu wao wanaolima mahindi, kahawa na miwa.

Ukweli ni kwamba Kabuchai iko katika miteremko inayopokea maji ya Mlima Elgon, mojawapo ya vyanzo vikuu vitano vya maji nchini pamoja na Mlima Kenya, Milima ya Aberdare, Msitu wa Mau na Milima ya Cherangani. Mto Kuywa hutoka mlimani humo na kumwaga maji yake katika Mto Nzoia, ambao nao huendelea hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria.

Kwa hiyo kinacholindwa hasa Kabuchai ni maji. Sheria inalinda kingo za mito, ardhi chepechepe, chemchemi, na miteremko mikali ambako udongo huporomoka mvua inaponyesha. Sehemu hizo zimo ndani ya mashamba ya watu binafsi, katikati ya mashina ya migomba na viazi vitamu.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza mtu kujenga, kupanua au kubomoa jengo lolote ndani ya mto, ziwa au ardhi chepechepe bila idhini ya maandishi, ambayo hutolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria iyo hiyo inaziagiza kamati za mazingira za kaunti kutambua maeneo ya vilima na milima yaliyo katika hatari ya kuharibika, hususan yale yanayokabiliwa na mmomonyoko wa udongo na maporomoko.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mnamo Machi 2010, upande wa pili wa mlima huo, maporomoko ya ardhi yalifunika vijiji katika Wilaya ya Bududa, Uganda, na mamia ya watu wakafariki au kutoweka.

Mita sita au mita 30?

Swali linalowasumbua wakulima kuliko yote ni umbali kati ya jengo na mto.

Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kilimo au ujenzi katika ukanda usiopungua mita sita na usiozidi mita 30 kila upande wa mto, kwa kupima kutoka kiwango cha juu kabisa kilichowahi kufikiwa na mafuriko. Kanuni za 2009 kuhusu kingo za mito na ardhi chepechepe zinafuata mkondo huo huo.

Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za 2007 nazo ziliegemea upana wa mto wenyewe: ukanda uwe sawa na upana wa mto, usipungue mita sita wala kuzidi mita 30.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mkulima mwenye shamba dogo. Chukulia shamba lenye upana wa mita 40 na urefu wa mita 200, yaani takriban ekari mbili, ambalo upande wake mfupi umepakana na mto. Ukanda ukiwa wa mita sita, mkulima hukosa mita 240 za mraba, kipande ambacho hata mbuzi wake hawezi kukihesabu. Ukiwa wa mita 30, hukosa mita 1,200 za mraba, zaidi ya robo ekari.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni mahali kipimo kinapoanzia. Anayepima Januari, wakati mto umenywea, hupata jibu tofauti na anayepima Mei maji yakiwa yamefurika. Sheria huangalia mafuriko, wala si kiangazi.

Mwenye kutaka usalama hana budi kulijenga zizi nje ya mita 30 pale shamba linaporuhusu. Pale ambapo shamba ni finyu, ni bora kuwaita maafisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) wapime na kuweka alama za mpaka kabla ya msingi kuchimbwa. Eneo hili liko chini ya kanda ya Ziwa Victoria Kaskazini, ambayo makao yake yako Kakamega. Chama cha watumiaji maji cha eneo, pale kilipo, kinaweza kumwelekeza mkulima.

Majirani wa Kenya wameweka vipimo virefu zaidi. Tanzania, katika sheria yake ya mazingira ya 2004, ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ziwa au bahari. Uganda, katika kanuni zake za 2000, iliweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa katika jedwali na mita 30 kwa mito mingine. Mkulima wa Kabuchai anayelalamikia mita 30 hajaonewa kuliko wenzake.

Idhini ya kaunti

Sheria kuu inayosimamia ujenzi ni Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi Yake, nambari 13 ya 2019, iliyochukua mahali pa sheria ya mipango ya 1996. Kwa mujibu wa sheria hiyo, uendelezaji ni kazi yoyote ya ujenzi inayofanywa kwenye ardhi, au badiliko lolote kubwa la matumizi ya ardhi au jengo.

Hakuna anayeruhusiwa kuanza uendelezaji bila idhini ya waziri wa kaunti anayesimamia masuala ya ardhi. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi 2013, jukumu hilo limekuwa la Kaunti ya Bungoma kwa wakazi wa Kabuchai. Anayelima ng'ambo ya mpaka, upande wa Kitale, huomba katika Kaunti ya Trans Nzoia. Sheria ni moja, lakini ofisi na ada ni tofauti, kwa kuwa kila kaunti huweka ada zake kupitia sheria yake ya fedha.

Anayejenga bila idhini hutenda kosa. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au kupewa adhabu zote mbili. Zaidi ya hayo, anaweza kuamriwa kuirejesha ardhi katika hali yake ya awali ndani ya siku 90. Asipofanya hivyo, kaunti inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe na kumdai gharama.

Kwa mfugaji mdogo, hilo la mwisho ndilo zito zaidi. Hulipa mara mbili: kwanza kwa kujenga, kisha kwa kubomoa.

Hatua kwa hatua

Safari ya kibali huanza nyumbani, kwenye kabati la stakabadhi. Mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba ardhi ni yake, na hapa ndipo wengi hujikwaa.

Si ajabu kukuta shamba ambalo hatimiliki yake bado ina jina la babu aliyefariki miongo kadhaa iliyopita. Ndugu wamegawana kwa mdomo, kila mmoja anajua mpaka wake, lakini mbele ya sheria mwenye shamba ni marehemu. Familia ya namna hiyo haina budi kukamilisha kesi ya mirathi kwanza, ili msimamizi wa mali atambuliwe na mahakama na kila mrithi apate hati yake.

Hatua ya pili ni michoro. Sheria inataka michoro na stakabadhi za maombi ziandaliwe na wataalamu waliosajiliwa, wakiwemo wapangaji ardhi, wasanifu majengo na wahandisi, kulingana na aina ya jengo. Mchoro unapaswa kuonyesha jengo lenyewe, mipaka ya shamba, barabara, nyumba za jirani, na mto ulipo. Mchoro unaoficha mto humponza mwenyewe siku ya ukaguzi.

Hatua ya tatu ni kuwasilisha maombi na kulipa ada katika ofisi ya kaunti. Mwombaji pia hutakiwa kuutangazia umma kuhusu ujenzi anaokusudia, ili majirani wapate nafasi ya kutoa maoni au pingamizi.

Hatua ya nne hufanyika ofisini. Ndani ya siku saba kaunti hupeleka nakala za maombi kwa idara zinazohusika, nazo hupewa siku 14 kutoa maoni. Afisa wa afya ya umma huangalia mahali pa vyoo, samadi na maji machafu. Wasimamizi wa barabara huangalia kama jengo limeingia katika hifadhi ya barabara, mahali ambapo wengi wameona alama nyekundu ya X ikipakwa ukutani.

Hatua ya tano ni jibu. Kaunti inaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa. Masharti yanaweza kuwa kusogeza jengo, kuchimba shimo la samadi mahali pengine, au kupanda miti na nyasi za kuzuia mmomonyoko.

Iwapo siku 60 zitapita bila jibu la maandishi, sheria huchukulia kwamba idhini imetolewa. Kifungu hicho kiliwekwa ili kumkinga mwananchi dhidi ya faili kulala mezani. Hata hivyo mkulima akumbuke kudai stakabadhi iliyogongwa mhuri na tarehe siku anapowasilisha maombi yake. Bila hiyo hataweza kuthibitisha siku hizo zilianza lini.

Vilevile ukimya wa kaunti hauwi idhini ya mamlaka nyingine. Anayehitaji cheti cha mazingira au kibali cha maji bado atakihitaji.

Cheti cha mazingira na kibali cha maji

Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ina ofisi katika kila kaunti. Jedwali la pili la sheria ya mazingira, lililorekebishwa 2019, liligawa miradi katika makundi matatu kwa kiwango cha athari: ya chini, ya wastani na ya juu.

Banda la kuku mia moja la matumizi ya nyumbani si sawa na mradi wa maelfu ya kuku wa mayai au kichinjio. Kadiri mradi unavyokuwa mkubwa, ndivyo ripoti inayotakiwa inavyokuwa nzito. Njia ya hekima ni kuuliza katika ofisi ya NEMA, kwa maandishi, mradi unaangukia kundi lipi, na kuhifadhi jibu hilo.

Sababu ya masharti haya iko wazi kwa yeyote aliyewahi kusafisha zizi. Samadi inayolowa mvua hutiririka kufuata mteremko. Ikifika mtoni hubeba vijidudu na virutubisho vinavyochafua maji ya kunywa na kustawisha magugu ziwani. Watoto wanaoteka maji kilomita mbili bondeni hawajui zizi lililoko juu ni la nani, lakini tumbo la kuendesha ni lao.

Anayekusudia kuchimba kisima cha mashine, kujenga bwawa, kuchimba vidimbwi vya samaki vinavyotegemea mto, au kuvuta maji kwa pampu hutakiwa pia kupata kibali cha WRA chini ya Sheria ya Maji ya 2016.

Bodi ya ardhi haitoi kibali cha ujenzi

Kuna dhana potovu iliyoenea vijijini kwamba anayepata barua ya bodi ya ardhi amemaliza kila kitu.

Bodi hizo ziliundwa na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967. Kazi yake ni kuidhinisha uuzaji, ukodishaji, ugawaji na uwekaji rehani wa ardhi ya kilimo. Bodi huangalia nani anauza nini kwa nani, na kama familia imekubali. Haitazami michoro ya zizi wala kupima umbali wa mto.

Kadhalika barua ya chifu au idhini ya mzee wa mtaa husaidia kuthibitisha kwamba majirani wanamfahamu mwombaji na kwamba mpaka hauna mzozo. Haichukui nafasi ya kibali cha kaunti. Diwani naye hana mamlaka ya kuruhusu ujenzi kwa neno la mdomo kwenye mkutano wa hadhara.

Mlimani ni habari nyingine

Baadhi ya wakulima wa Kabuchai hukodi mashamba kaskazini, karibu na msitu. Huko sheria hubadilika.

Hifadhi ya msitu wa Mlima Elgon ilitangazwa rasmi 1932, na mbuga ya kitaifa ikatengwa 1968. Msitu wa umma husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Misitu (KFS) chini ya sheria ya 2016. Wakulima wanaoruhusiwa kupanda mimea ya msimu kati ya miche michanga hupewa nafasi ya kulima pekee. Hawaruhusiwi kuishi humo wala kujenga jengo la kudumu, hata liwe ghala la kuhifadhia viazi kwa wiki mbili.

Wengine hutaja kesi ya jamii ya Ogiek wa Chepkitale kama ushahidi kwamba mtu anaweza kudai haki ya kujenga katika hifadhi. Ni kweli kwamba Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwa kuwapendelea Ogiek katika mzozo wa ardhi yao ya jadi. Hata hivyo uamuzi huo ulihusu haki za jamii ya asili juu ya ardhi ya mababu zao, wala haumpi mkodishaji kutoka kwingine ruhusa ya kusimamisha nguzo msituni.

Somo la Solai

Wapo watakaouliza kwa nini mkulima asumbuliwe kwa jengo lililo ndani ya shamba lake, mbali na macho ya watu. Jibu mojawapo liko Solai, Kaunti ya Nakuru.

Usiku wa Mei 9, 2018, kingo za Bwawa la Patel, lililojengwa ndani ya shamba la kibinafsi, zilipasuka baada ya mvua kubwa. Maji yaliwakumba watu waliokuwa nyumbani kwao bondeni, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Baada ya mkasa huo, maafisa wa maji walisema bwawa hilo halikuwa na leseni.

Zizi si bwawa, na hakuna anayefananisha ng'ombe watano na maji ya aina hiyo. Lakini kanuni ni moja: kilichojengwa juu ya mteremko humhusu aliye chini yake.

Mwezi Agosti mwaka huo huo, majengo makubwa ya kibiashara jijini Nairobi, likiwemo jumba la South End Mall, Lang'ata, na lile la Ukay, Westlands, yalibomolewa kwa madai ya kujengwa katika ardhi ya mto. Baadhi ya wamiliki walisema walikuwa wamepewa vibali na idara za serikali. Funzo kwa mkulima ni kwamba muhuri uliogongwa bila mtu kufika shambani na kupima si kinga. Iwapo afisa anampa kibali bila kuuona mto, mwenye kibali ndiye atakayebeba hasara.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru watu waliokuwa wakiishi kando ya mito jijini kuhama, na nyumba nyingi zikabomolewa. Wengi waliopoteza makao walikuwa maskini waliojenga pale ambapo hakuna aliyewakataza mapema.

Wengine wanavyofanya

Nchini Uingereza, ambako misingi ya sheria za mipango za Kenya ilitoka enzi za ukoloni, mkulima mwenye hekta tano au zaidi anaweza kujenga baadhi ya majengo ya kilimo bila kupitia maombi kamili. Hutakiwa kuiarifu mamlaka ya eneo kwanza na kusubiri siku 28, ili iamue kama inataka kukagua mahali na umbo la jengo.

Hata huko, jengo la mifugo likiwa ndani ya mita 400 za makazi ya watu wasiohusika na kilimo, maombi kamili huhitajika. Aidha, katika mbuga za kitaifa na maeneo yenye mandhari yanayolindwa, maafisa huangalia jinsi paa litakavyoonekana kutoka mbali.

Wanachokilinda Waingereza kwa sehemu kubwa ni mandhari. Kabuchai, ambako shamba la hekta mbili huitwa kubwa, hakuna mkulima atakayepata nafasi ya mita 400 kutoka kwa jirani. Kinacholindwa hapa ni maji na udongo, na pengine ndiyo sababu kipimo cha Kenya huhesabiwa kutoka mtoni.

Hata hivyo kuna jambo la kuiga: utaratibu mwepesi kwa majengo madogo. Mwenye ng'ombe wawili akitakiwa kufuata njia ile ile ya mwenye ghala la magunia elfu kumi, na kumlipa mtaalamu fedha zinazokaribia bei ya mabati, hatajitokeza kuomba. Atajenga kimya kimya. Kaunti zina uwezo wa kupunguza ada na kuwatuma maafisa katika wadi, na sheria inayotekelezeka hulinda mto kuliko sheria kali isiyofuatwa.

Haki za mkulima

Kibali si hisani ya afisa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa na kwa haraka na maafisa wa serikali, na kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapomuumiza.

Mkulima aliyekataliwa, au jirani aliyechukizwa na kibali kilichotolewa, anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 kwa kamati ya kaunti ya masuala ya mipango ya ardhi. Asiporidhika, anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Malalamishi kuhusu leseni za NEMA huwasilishwa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60.

Aliyekwisha kujenga bila kibali naye hajafungiwa mlango. Kaunti ikimpelekea ilani ya utekelezaji, ilani hiyo lazima ieleze kosa, hatua anazotakiwa kuchukua na muda aliopewa. Anaweza kuipinga kwa rufaa ndani ya siku 14. Kuichana ilani au kuificha chini ya godoro hakusimamishi siku kuhesabiwa.

Ikiwa jengo liko nje ya ukanda wa mto na ni imara, kuna nafasi ya kupeleka michoro na kuomba lihalalishwe. Ikiwa liko ndani ya ukanda, ni afadhali kulihamisha mapema likiwa bado la mbao na mabati kuliko kungoja hadi liwe la mawe.

Orodha ya kukumbuka

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, mkulima ahakikishe yafuatayo: hatimiliki iko katika jina lake au mirathi imekamilika, mpaka wa shamba unajulikana na hauna mzozo, umbali wa mto, chemchemi au ardhi chepechepe umepimwa kutoka kiwango cha mafuriko, njia ya samadi na maji machafu haielekei mtoni wala kwa jirani, michoro imetayarishwa na mtaalamu aliyesajiliwa, maombi yamepokewa na kugongwa mhuri wa tarehe, na ofisi ya NEMA imetoa jibu la maandishi kuhusu aina ya mradi.

Kila nakala iwekwe mahali salama pamoja na hatimiliki. Siku mkulima atakapotaka mkopo, kuuza shamba au kumwachia mwanawe, stakabadhi hizo zitakuwa na thamani sawa na jengo lenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa Kabuchai, ufa ni safari moja ya kwenda ofisi za kaunti mjini Bungoma kabla ya kumwita fundi, na ukuta ni zizi lililobomolewa huku ng'ombe wamesimama mvuani.